Jani la Isale

Saa tatu kasoro dakika mbili usiku
simu inatetemeka juu ya cherehani.
Kopo nimelibandua karatasi yake,
pamba nimeirudisha ndani
vidonge visilie kama njuga
wakasikia wa chumba cha pili.
Kimoja, cheupe. Maji nusu kikombe.
Ini langu halisemi asante.
Halijawahi kusema lolote, na hapo ndipo shida ilipo:
ni mpangaji mpole,
analipa kodi kimya kimya
hadi siku ukuta unapolala chini.

Nilijulia kliniki, mimba ya Elirehema ina miezi mitano.
Walinichoma kidole, wakapima hili na lile,
kisha muuguzi Theonesta akavuta kiti karibu.
Muuguzi akivuta kiti karibu, ujue.
"Homa ya ini," alisema. "B."
Nikacheka. Homa sina.
"Ndiyo inavyoitwa, hata isipokuwa na moto."
Kukatwa maini nilikuwa nakusikia tu;
sasa nina karatasi yake, ina muhuri.
Akauliza: mama yako yuko wapi?

Mama
alivimba mwaka ule kahawa ilipokosa bei.
Miguu kama fito za kuegemezea migomba,
macho ya manjano, ndizi iliyovundikwa,
na tumbo la miezi tisa
lisilokuwa na mtu ndani.
Ukoo ulikaa Kibosho siku mbili, mbege katikati,
wakaamua: ni shangazi Aikaruwa.
Si alimpelekea mtori siku ya ubatizo?
Si hakupata afya tangu mtori ule?
Hawakumpiga. Waliacha tu kumsalimia.
Hata mfereji waliupinda usipite kihambani kwake.
Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Nilitema mate kila nilipopita langoni pake,
na nilitema vizuri.

Mtoto alichanjwa hata hajafutwa vizuri.
Anaeli alichomwa sindano zake tatu,
hakuniuliza nilikoutoa. Aliuliza bei.
Mimi nikapewa kopo.
"Za maisha?"
"Za kila siku," Theonesta akasema. "Maisha tuyaache kwanza.
Ila usikatize. Virusi havifi, vinasinzia;
ukikatiza vitaamka
na njaa ya aliyefunga mwezi mzima."

Dawa ni ileile ya wale wa dirisha la pili.
Mama Kileo aliniona kwenye foleni,
akanihurumia kwa sauti kubwa
mpaka soko la Mbuyuni likajua.
Mwezi mmoja dirisha likasema zimekwisha.
Nilishona sare kumi na mbili za shule kwa siku nne
nikanunue dukani, na sindano ikanipita kidole gumba,
nikaifuta damu ile peke yangu, taratibu,
kama mtu anayefuta jina.

Damu ya mama.
Si mtori.

Jumamosi nikachuma isale uani,
nikalipiga fundo, nikapanda Kibosho.
Shangazi alikuwa anamkatia ng'ombe majani.
Aliliangalia lile jani mpaka nikaona aibu ya mkono wangu.
"Nani kakutuma?"
"Karatasi ya hospitali."
Nikamweleza: kirusi, damu, uzazi.
Kirusi hakukitaka. Alitaka kujua ule mtori.
"Ulikuwa mzuri?"
"Sijui, shangazi. Mama aliumaliza."
Akageuka, akaendelea na ng'ombe wake,
na panga lilikata hewa mara mbili
kabla ya kupata jani.

Mvua ikanizuia. Nililala kwake.
Saa tatu kasoro dakika mbili
simu ikatetemeka ndani ya khanga.
"Nini hiyo?"
"Dawa yangu."
Akainuka na taa, akachelewa jikoni,
akarudi na kikombe cha maji, amekishika kwa mikono miwili.
Miaka kumi na tisa
hakuna wa ukoo wetu aliyepokea kitu mkononi mwake.
Nilikipokea.
"Meza," akasema. "Naangalia."